Kitufe cha Juu

Kitshanga, Jumanne 4 Septemba 2012

Mvua imerudi, na Henri amerudi kwenye wimbo wake wa kila mwaka: mazutu, dizeli ya lori, inaibwa. Lori, au kamio kama anavyoliita, likiingia tu uani kutoka njia ya Walikale, mume wangu anachukua fimbo yake ndefu, anaitumbukiza ndani ya tangi, anaitazama ilipolowa, halafu anamtazama Faustin, dereva wetu. Leo alimwambia mbele ya wapakiaji wote, "Kati ya weye na kamio, nani anakunywaka sana?" Wapakiaji wakaangua kicheko. Nami nilicheka, nikiwa dukani napima chumvi. Faustin ana masikio makubwa, na akitukanwa huyashika yote mawili, mtu mzima mwenye mke. Ni vigumu kutocheka.

Najua vizuri kwamba matope ndiyo yanayokunywa. Mvua ikishaanza, magurudumu yanazunguka pale pale na moshi unatoka bure. Lakini Henri hawezi kuyakamata matope akayatukana. Anataka mtu.

Jumamosi 8 Septemba

Mvua. Chumvi imelowa. Adrienne, binti yetu, ameandika kutoka shule ya masista Butembo kwamba anataka viatu vingine. Anataka viatu kila muhula, utadhani ana miguu minne.

Alhamisi 13 Septemba

Henri ametoka Goma na mambo mapya. Alishuka kwenye gari la watu akiwa amekumbatia boksi la karatasi, na nyuma yake akashuka kijana mmoja mtanashati mwenye suruali ya kubana, anaitwa Archange. Ni fundi wa umeme wa magari. Boksi lina alamu, ile ya magari ya wakubwa wa mashirika, inayolia mtu akigusa mlango. Si hiyo tu. Kuna telekomandi ndogo ya mkononi, ukibonyeza ukiwa mbali, gari linawaka lenyewe bila mtu ndani.

"Lori letu?" nikauliza. "Hili la kufungwa mlango kwa kamba?"

"Njo hili," akajibu, na macho yake yaling'aa hivi kwamba sikuendelea.

Ijumaa 14 Septemba

Siku nzima Archange amelala chali chini ya usukani, miguu nje, akitukana watu waliokufa. Lori lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Kila fundi aliyeligusa ameongeza waya wake na kukata wa mwenzake, na nyaya zote zimekuwa na rangi moja, rangi ya grisi na vumbi. Fundi anachoma kila waya kwa ncha ya taa yake ndogo ya kupimia, taa ikiwaka anasema "asante", isipowaka anataja mama wa mtu. Tena lori lina umeme wa batri mbili pamoja, na alamu inataka umeme wa batri moja, kwa hiyo ikabidi atafute kisanduku cha kupunguza, akakitoa kwenye redio ya zamani.

Faustin alisimama kando kutwa nzima, kofia mkononi. Alikuwa anatazama tu jinsi wanavyolipasua lori lake. Nasema lake kwa sababu yeye ndiye anayelijua. Mkewe, Consolée, anakaa kule juu kwenye kambi ya wakimbizi; walikimbia shamba lao la Lushebere. Ana mimba ya kwanza. Anasema analitambua lori hili likiwa bado linapanda mlima, kwa kikohozi chake tu. Akilisikia anaweka maji ya bugali jikoni, na Faustin akizima moteri, yeye anafika uani na chakula. Wapakiaji wanamwita "Mama Saa".

Jumamosi 15 Septemba

Leo wamejaribu. Henri alisimama kwenye ngazi ya duka, nusu ya Kitshanga ikiwa nyuma yake, akanyoosha mkono, akabonyeza. Lori likaruka mbele mara mbili, likala ukuta wa banda langu la kuku.

Dereva wa milima hii haachi gari bila kuliweka gea. Breki ya mkono hapa ni pambo, kwa hiyo unaweka gea, unatia na jiwe chini ya gurudumu, ndipo unalala usingizi. Faustin alifanya alivyofanya miaka yote. Archange akapiga kelele kwamba tangu leo gari libaki huru, bila gea, mawe mbele na nyuma, la sivyo litaua mtu. Kuku wawili walikufa. Henri amesema wanatoka kwenye mshahara wa Faustin, halafu jioni akawala.

Hapo ndipo Archange alipotoa zile telekomandi. Zina vitufe vinne. Alimwonyesha Henri kila kimoja, kwa sauti ya chini, wamenipa mgongo. Nilipochungulia Henri akasema, "Hii haiko ya kupika." Nimeona kimoja tu, kile cha juu, cha kuwashia.

"Patron, ziko mbili," Archange alisema. "Ya kwako, na ya mutu mwenye unamuaminia."

"Mi namuaminia Mungu," Henri akajibu, "na Mungu hana kamio." Akatia moja mfukoni. Ya pili ataituma kwa Bienvenu, binamu yake, anayeshika depo yetu kule njia ya Walikale, pale barabara inapokufa na wabebaji wanapochukua chumvi na bia kwa mgongo kwenda kwa wachimbaji wa dhahabu wa Omate.

Faustin alielewa kabla yangu. Mpango ni huu: Henri anawasha lori hapa, Bienvenu analiwasha kule. Katikati, dereva hana kitu. Akizima moteri njiani ili auze mazutu au apakie abiria wa mfuko wake, hataweza kuliwasha tena, na litamlilia mpaka aaibike.

"Patron," akasema, "ku bariere ya wanajeshi neno ya kwanza njo hii: zima moteri. Unazima, unashuka, unatosha kofia ku kichwa. Nikikatala, banasema nataka kukimbia. Nikizima, ntawasha na nini?"

"Utabaambia demareri, ile ya kuwashia moteri, ilikufa."

"Demareri ikikufa watu banasukumaka."

Archange akacheka. "Musukume mpaka Kisangani. Nimetia na ya kukata mazutu."

Faustin akayashika masikio yake. Na mimi, nakiri, nililiona jambo hilo kuwa na akili sana. Nilimwambia Henri hivyo wakati wa chakula, tukila kuku.

Jumapili 23 Septemba

Baada ya misa Henri amecheza na mdoli wake. Faustin hakuwa na safari, alikuwa amekwenda kukata kuni mbali. Henri akaketi kibarazani na marafiki zake wafanyabiashara, akabonyeza. Lori likakohoa, likaunguruma. Tukasubiri. Haikupita muda, Consolée akateremka mlima na sufuria kichwani, tumbo mbele, akitabasamu. Alizunguka kabini, akachungulia ndani, akazunguka tena. Hakuna mtu. Akasimama na bugali lake, haelewi, na wale wanaume wakawa wanapigana migongo kwa kucheka.

"Mama Saa, leo umepita mbele ya saa!" nikamwambia mimi. Wakacheka zaidi. Nilijisikia mwerevu.

Aliniamkia kwa heshima, akapanda mlima na chakula chake.

Jumatatu 1 Oktoba

Mvua. Faustin ameondoka alfajiri. Tangu sasa Henri anamkagua kwenye lango, yeye na Papa Munyakazi, konvoyeri wetu anayesindikiza mizigo. Anapapasa mifuko, soksi, kofia, wasije wakabeba kitu cha kuibia. Mzee Munyakazi ana mvi kifuani, na anainua mikono juu mbele ya wajukuu wa watu.

Jumanne 9 Oktoba

Wamerudi. Lori lilikwama kwenye matope kabla ya depo wakakesha hapo, na moteri ikabidi iunguruma usiku kucha, maana ikizimwa basi. Henri akatia fimbo yake ndani ya tangi. Karibu imetoka kavu.

"Wizi ya mazutu imezidi tangu nitie alamu!" akapiga kelele. Nilijaribu kumwambia kwamba alamu yake ndiyo imekunywa, kwamba moteri isiyozimwa hainywi maji. Akaniambia nirudi kwenye chumvi yangu. Faustin akaenda kupangusa matope kwenye taa. Nimegundua kwamba hata masikio hakuyashika.

Jumatano 10 Oktoba

Nilikosea hapo juu, "iunguruma" ni "iungurume". Sista Kahindo, aliyenifundisha kuandika, angenichapa. Mvua.

Jumapili 21 Oktoba

Nitaandika polepole.

Jana nilipanda lori letu kwenda Masisi, kwenye matanga ya shangazi yangu wa ubatizo. Nilikaa kabini katikati ya Faustin na Papa Munyakazi. Njiani Faustin alikuwa mtu mwingine. Alinionyesha mahali alipozaliwa ng'ombe wa baba yake, aliniambia Consolée ameshachagua jina la mtoto, na mtoto akiwa wa kike ataitwa Adelaïde. Anaendesha kwa kuongea na lori. "Kuya mama, kuya, usiniaibishe mbele ya mugeni." Nilikuwa na miaka kumi naye na sikujua kwamba anaongea.

Bariere mbili za kwanza walishamzoea. Wanamwita Demareri. "Demareri, bado unasukuma?" wanacheka, anawapa sigara, anapita.

Ya tatu ilikuwa na watu wapya.

"Zima moteri."

"Chef, demareri ilikufa. Nikizima tutalala hapa, tutawasumbua."

"Nimesema zima."

Faustin alishuka, kofia mkononi, akainama. Alieleza tena. Mkubwa wao, mtu mdogo mwenye koti la mvua la kike, akamsikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Moteri yako haisikiake amri?" Faustin akasema, "Iko mugonjwa, chef." Basi yule akasema, "Kama iko mugonjwa, weye njo moteri."

Wakampigisha magoti kwenye matope, mikono chini. Mmoja akampanda mgongoni. Wakamwambia aungurume. Akaunguruma. Wakamwambia apande mlima, abadilishe gea, apige honi. Alifanya yote. Walimvuta lile sikio la kulia kila alipotakiwa kukata kona. Lori letu lenyewe likaendelea kuunguruma nyuma yake, nami niko ndani, nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Halafu yule wa koti akanitazama mimi dirishani. "Mama, haikufurahishe?"

Nikacheka. Mungu amesikia, nilicheka, na kicheko changu kilikuwa kirefu kuliko vyao.

Faustin aliporudi kwenye usukani matope yalikuwa yanamdondoka kidevuni. Hakunitazama. Baada ya mwendo mrefu akasema tu, "Mama Adrienne, usimuambie Consolée." Nikamwambia sitamwambia. Halafu Masisi ikafika.

Jumatatu 22 Oktoba

Nimemweleza Henri kila kitu. Alisikiliza, akakuna ndevu, akasema, "Lakini kamio ilipita?" Nikasema ilipita. "Basi."

Henri si mtu mbaya kwa watu wote. Wakati Drocella, jirani yetu, alipoungua, ndiye aliyelipa hospitali na hakumwambia mtu. Lakini Henri alianza maisha akibeba mizigo ya wenzake, na anaamini kwamba kila aliye chini anamfanyia anachokumbuka mwenyewe kuwa alikifanya.

Alhamisi 1 Novemba, Watakatifu Wote

Leo saa kumi za jioni alamu imelia yenyewe. Maji ya mvua yameingia kwenye maungio ya Archange. Kitshanga nzima haijawahi kusikia kitu kama hicho, kilio kinachopanda na kushuka, na honi juu yake. Kule kambini watu wakadhani vita vimefika. Niliwaona kutoka kibarazani, wanawake wamebeba magodoro chini ya mvua, wanakimbia kuelekea Mweso, na nyuma yao mzee mmoja anaburuta mbuzi aliyekataa. Mtoto mmoja alikanyagwa, amevunjika mkono.

Henri alicheka mpaka akakohoa. "Umeona nguvu yake?" akasema. "Hakuna mwizi atavumilia ile kitu hata dakika."

Nilimtazama akicheka, nikaona meno yote, na nikashangaa kwamba nimelala karibu na meno hayo miaka yote hii.

Jumanne 6 Novemba

Nimeuza vitenge vyangu viwili vya sherehe kwa Drocella. Nimemtumia Archange ujumbe kwa mwendesha pikipiki anayekwenda Goma. Alisema siku ile ya kuku kwamba kisanduku cha alamu kinaweza kujua telekomandi hata nne. Nataka ya tatu. Nimemwomba asimwambie Henri. Fundi kama yule, ukimlipa, hana mdomo.

Alhamisi 15 Novemba

Archange amekuja mwenyewe, eti kukausha maungio. Henri alikuwa ametoka. Fundi alikaa kabini kidogo, akaiunganisha telekomandi ya tatu, akaniachia ndani ya katoni ya sabuni. Ni nyepesi ajabu. Mtu anaweza kuimeza.

Jumapili 18 Novemba

Nimempa. Faustin alikuja dukani kununua chumvi, nikamvuta nyuma ya magunia ya maharage. Alipoiona hakuichukua mara moja.

"Patron anajua?"

"Hajui. Hiki cha juu ni cha kuwasha. Vingine sivijui."

"Kinatosha," akasema. "Cha kuwasha njo kinatosha." Akaifungia ndani ya kifuko cha plastiki, akakifunga kwa meno. Nikamwambia afiche vizuri, kesho atakaguliwa. Akasema Henri hukagua nguo, lakini chakula cha mke wa mtu hajawahi kukigusa. Consolée ataitia katikati ya bugali.

Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alicheka nami. "Mama Adrienne, siku hii nitazima moteri yangu ku bariere sawa na mutu." Nimelala vizuri mchana kwa mara ya kwanza tangu Masisi.

Jumatatu 19 Novemba

Walipofika langoni kukapambazuka. Henri akampapasa Munyakazi, akampapasa Faustin. Hakuna kitu. Akawaambia wapite. Faustin alikuwa ameshika kifurushi chake cha majani ya migomba kwa mikono miwili kama padri anayeshika komunyo, na hilo ndilo lililomponza. Mpumbavu yule hakujua kushika chakula kizembe.

"Lete."

"Ni bugali tu, patron."

Henri akalifungua, akalimega kwa vidole, mara moja, mara mbili. Akatoa kifuko. Akakifuta kwenye suruali. Akaitazama ile telekomandi, akatoa na ya kwake mfukoni, akazilinganisha.

"Hii ya tatu ilitoka wapi?"

Nilikuwa kibarazani, hatua chache tu. Consolée alikuwa kwenye lango, bado amefunga kanga ya kulalia. Faustin alinitazama mara moja, kidogo sana, halafu akatazama chini.

"Nilinunua kwa Archange."

"Na makuta ya wapi?"

Henri hakungoja ataje pesa zilikotoka.

"Na makuta ya mazutu yangu! Jibu!"

"Ndiyo, patron. Ya mazutu."

Henri akampiga kofi kwenye sikio, kwa mkono wenye bugali. Akageuka, akawaambia wapakiaji, na mimi, na Consolée, kwamba sasa wote tumemsikia mwizi kwa mdomo wake. Alisema angemfukuza hapo hapo, ila mizigo ya Bienvenu inasubiriwa. Akirudi ndipo atafukuzwa. Akatia telekomandi ya tatu kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yake ya kazini. Akatoa ya kwake, akawasha lori.

Nilikuwa na mdomo. Ninao hata sasa. Nilifungua mara moja, Henri akanigeukia akasema, "Nini?" Nikasema, "Chai inapoa."

Lori likatoka. Consolée aliokota bugali lililoanguka, akalipangusa.

Jumanne 20 Novemba

Mvua.

Jumatano 21 Novemba

Redio inasema Goma imechukuliwa na waasi. Wanajeshi waliokuwa kwenye njia zetu wameondoka, na bariere zao zimebaki na yeyote aliyezikuta. Hakuna anayejua nani yuko wapi. Henri anawaza lori. Nimemwambia afikirie watu. Akasema watu wako ndani ya lori.

Ijumaa 23 Novemba

Mvua. Hakuna habari. Consolée amekuja kuuliza. Hakuna habari.

Jumamosi 24 Novemba

Consolée amekuja.

Jumatatu 26 Novemba

Papa Munyakazi amefika kwa miguu, kiatu kimoja. Tulimpa uji, akaushika bila kunywa. Ninaandika kama alivyosema.

"Tulikuta bariere ya miti, hatujue ni ba nani. Banasema zima moteri. Faustin anaanza ile yake ya demareri. Banamuwekea bunduki kwa kichwa, anazima. Balikuwa na watu babo ba vidonda, balitaka kamio ibabebe. Banapakia. Banamuambia washa. Anazungusha ufunguo ku kontakti, hakuna kitu. Alamu inaanza kulia. Papa, ile kitu ililia ndani ya pori! Banasema anaita badui. Banamuambia nyamazisha. Anasema siwezi, chef, dawa yake iko kwa patron. Banasema patron wako njo nani? Anasema ni mufanyabiashara tu. Banapiga. Inalia. Banapiga tena. Alikuwa anashika masikio, namna yake ile. Kisha banamupiga masasi mbili ya bunduki. Na alamu ikaendelea tu. Njo nilikimbia, bote balikuwa banatazama kamio."

Henri aliuliza, "Na kamio?"

Papa Munyakazi akamtazama. "Iko pale. Baliikatala. Balijaribu kusukuma mpaka bakachoka."

Nani amwambie Consolée? Nilikwenda mimi. Nilikuta ameketi anachambua maharage. Nilimwambia. Akaendelea kuchambua mpaka sahani ikaisha, ndipo akalia.

Jumamosi 1 Desemba

Wale watu walihama, na Bienvenu akaenda na telekomandi yake. Alibonyeza, lori likawaka mara moja. Amelileta leo. Dirisha moja limevunjika, hakuna kingine. Faustin alizikwa na wakulima kando ya njia, chini ya mwinuko. Bienvenu hakumbuki vizuri ni mwinuko gani.

Henri alilizunguka lori akiligonga gonga kwa kiganja. "Munaona?" aliwaambia wafanyabiashara waliokuja kumpa pole. "Bila ile kitu, leo mungenikuta nalilia kamio." Wakatikisa vichwa. Watatu wamemwomba namba ya Archange.

Jumamosi 8 Desemba

Henri ametafuta dereva mpya, Kanyamibwa. Leo amemfundisha kazi. Neno la kwanza: usizime moteri njiani.

Nilisema mbele yao wote kwamba telekomandi ya tatu niliinunua mimi, na kwamba Faustin hakuiba hata tone. Nilisema kwa sauti kubwa. Henri akanitazama kwa huruma, akamwambia Kanyamibwa, "Ana uchungu. Alimuzoea." Ndivyo lilivyoisha. Nimechelewa hivi kwamba hata ukweli wangu hauna mtu wa kumdhuru.

Ijumaa 14 Desemba

Mvua imekata tangu juzi. Jua limetoka, nikafua.

Henri yuko Mweso na Kanyamibwa hadi kesho, wametangulia kwa pikipiki kutafuta mzigo. Lori liko uani, bila gea, na mawe yake. Niliikusanya suruali yake ya kazini, nikaitumbukiza kwenye beseni, nikaikunja, nikaikamua kwa nguvu zangu zote. Kwenye mfuko wa nyuma kulikuwa na kitu kigumu.

Lori likakohoa. Likawaka.

Nilikiona kabla sijakifikiria: Consolée anateremka mlima. Hakuwa anatembea, alikuwa anakimbia na tumbo lile, bila viatu, mikono yake imejaa unga hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameshaanza kusonga bugali.

Alipita mbele yangu bila kuniona. Akafungua kamba ya mlango wa kabini, akatazama ndani. Akatazama muda mrefu. Akaufunga tena na kufunga kamba vizuri, kama Faustin alivyokuwa akiifunga. Kisha akageuka akaniona nimesimama na suruali inayochuruzika, na telekomandi niliyoinunua mimi ikiwa mkononi.

"Mama Adrienne," akasema, "inazimwaka wapi?"

Nilibonyeza cha pili. Taa zikawaka. Nilibonyeza cha tatu, milango ikagonga. Cha nne, alamu ikalia, watu wakaanza kutoka kambini na magodoro, nikakibonyeza tena ikanyamaza. Cha juu kilikuwa kimezama ndani ya plastiki, hakirudi. Ufunguo uko Mweso na Kanyamibwa, na moteri ikaendelea.

Consolée ameketi kwenye ngazi ya duka, unga umemkaukia mikononi. Nimemwambia aende apumzike. Amesema anangoja izime kwanza. Ninaandika haya nikiwa nyuma yake, na bado inaunguruma. Jana Henri alijaza tangi hadi mdomoni, akatia fimbo yake, akafurahi kwamba hakuna tone lililopungua.